Mdogo wangu kalazwa wodi ya akili mara mbili, na ile ya pili tuliisababisha sisi nyumbani (uzi mrefu)

#1 – Mleta uzi

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu. Wiki iliyopita kuna ndugu aliuliza humu kama ampeleke kaka yake hospitali au asubiri kwanza, "maana akishaingia kule ndiyo basi tena". Nilianza kumjibu pale pale, nikafuta mara tatu, jibu likazidi swali kwa urefu. Nimeona nifungue uzi.

Mdogo wangu ana miaka 26. Alianza kubadilika akiwa na 22, yuko chuo mwaka wa pili. Sisi tulijua kichaa ni mtu anayevua nguo barabarani na kurusha mawe. Yeye hakurusha hata jiwe moja. Alianza kwa kukosa usingizi. Kisha akawa hagusi chakula ambacho hakukiona kikipikwa. Alipokuja likizo akaziba matundu ya soketi ya chumbani kwake kwa ugali, akasema kuna watu wanamsikiliza kupitia humo. Mimi niko Mwanza kikazi, mama akanipigia simu: "Mwanangu, mdogo wako siku hizi anajibizana na redio."

Kutoka simu ile mpaka kufika hospitali ilipita miezi mitano. Katikati hapo alipelekwa kwa waganga wawili, akachanjwa, akafukizwa, akafanyiwa maombi ya siku saba. Mbuzi waliuzwa, shamba la mpunga likakodishwa. Simlaumu mama hata chembe. Mtoto akiugua unampeleka unapopajua, na hospitali ya akili sisi tulikuwa tunaijua kama tusi tu. "Utaishia Mirembe" nimelisikia tangu darasa la kwanza.

Siku ya kumpeleka alikuwa hajala siku ya tatu. Mjomba na vijana wanne wa jirani walimfunga kwa kamba ya katani, wakampakia nyuma ya pikapu. Pale mapokezi kulikuwa na sista mtu mzima. Hakutuuliza chochote. Alimsogelea mdogo wangu akamwambia, "Mwanangu, hii kamba inakuumiza?" Akaitikia kwa kichwa. Sista akaagiza mkasi. Mjomba akasema, "Sista, huyo atatukimbia." Akajibiwa, "Akikimbia nitamkimbiza mimi." Akaikata kamba kwa mkono wake, akamuuliza jina, anakaa wapi, leo siku gani. Alikuwa anamuuliza yeye, siyo sisi. Ndipo nikagundua kwamba miezi mitano yote tulikuwa tunaulizana habari zake pembeni, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenyewe.

Daktari hakukimbilia kutaja ugonjwa wa akili. Kwanza damu na mkojo: malaria, sukari, VVU, kaswende. Mjomba akanung'unika kwamba tunapotezewa muda. Daktari akamweleza taratibu kwamba malaria ikipanda kichwani, sukari ikishuka, ubongo ukishambuliwa na wadudu, mlevi akikatishwa pombe ghafla, kijana akivuta bangi nyingi, wote hao wanaweza kuongea hovyo na kuona visivyokuwepo, na kila mmoja ana tiba yake. Majibu yalipotoka safi ndipo akakaa na sisi kuuliza ilianzaje. Alipofika kwenye swali la ukoo, mjomba alinyamaza, kisha akamtaja dada yao mkubwa. Sisi watoto tulikuwa tumeambiwa huyo dada mkubwa alikwenda kuolewa mbali. Kumbe alifungiwa chumba cha uani miaka na miaka mpaka akafa humo. Mama alilia pale pale mbele ya daktari.

Jina la ugonjwa ni skizofrenia. Kwa hesabu za WHO ni kama mtu 1 kati ya 300 duniani, na wengi huwaanza wakiwa vijana, mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini. Yaani umri ule ule wa kwenda chuo.

Sasa niwaeleze kitu ambacho nusura kitufanye tumtoe wodini kwa nguvu. Siku ya tatu, mchana, tumeenda na uji. Tukamkuta shingo imepinda upande, kidevu kimeelekea begani, macho yamegeukia juu, ulimi mzito, mate yanatoka. Mama akaangusha chupa ya uji. "Jini linatoka!" Mgonjwa wa kitanda cha jirani, bila hata kuamka, akasema, "Siyo jini mama, ni haloperidoli. Mwite sista ampe Artane." Na ndivyo ilivyokuwa. Dawa ile inatuliza sauti na wasiwasi, lakini kwa baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume siku za mwanzo, inakaza misuli ya shingo, taya na macho. Sista akampa dawa ya kuilegeza, na baada ya muda si mrefu shingo ilirudi taratibu mpaka akaweza kushika kikombe. Laiti tungeambiwa mapema kwamba hilo linaweza kutokea, mama asingekaa wiki nzima anaogopa dawa. Hofu ile haikumtoka kabisa, na ndiyo iliyokuja kutugharimu.

Alilazwa wiki tano. Alitoka anacheka, anakula, anaulizia matokeo ya Simba. Kadi ya kliniki ilikuwa na vidonge vya usiku, na tarehe ya kurudi kila mwezi kuchoma sindano.

Nyumbani akaanza kunenepa. Analala mpaka saa nne, mdomo mkavu, anatembea mikono haiyumbi. Majirani wakasema, "Dawa zinammaliza mtoto." Mama akaanza kumpa kidonge siku moja, siku moja anaruka. Mwezi wa nne yeye mwenyewe alinipigia: "Dada, nimepona, sasa hizi dawa za nini?" Na mimi, niliyesoma, niliyekaa mbele ya daktari nikasikia kwa masikio yangu, nikamjibu, "Basi pumzika kidogo, tuone."

Ni mimi niliyesema hivyo. Nimelibeba.

Wiki saba baadaye soketi zilikuwa zimezibwa tena. Kabla hatujajipanga, akatoka usiku. Tulimtafuta siku tisa. Alionekana stendi ya wilaya nyingine, amevaa kiatu kimoja, mguu wa pili una kidonda kilichokwishaoza. Safari hii alilazwa miezi mitatu, na kipimo cha dawa kilichomtuliza mara ya kwanza hakikumtosha tena.

Sista yule yule ndiye aliyetupokea. Hakutugombeza. Alisema neno moja ambalo mama analirudia mpaka leo: "Mama, wewe una presha. Ikishuka unaacha dawa? Imeshuka kwa sababu unakunywa."

Ndugu uliyeuliza, mpeleke kaka yako. Na siku ya kumpeleka, anza kupanga siku ya kumrudisha: nani atakaa naye, nani atashika kadi, nauli ya kliniki itatoka wapi. Sisi tuliona kuruhusiwa ndiyo kupona.

#2

Pole sana dada, nimesoma mpaka mwisho. Swali langu: ni kweli wanapigwa shoti ya umeme? Baba mdogo wangu ana sonona kali, hali chakula, haongei, na hiyo habari ya shoti ndiyo inamzuia mkewe kumpeleka.

#3

Naomba nimjibu mkuu hapo juu. Mimi ni muuguzi wa akili, nina miaka 11 wodini.

Tiba ya umeme ipo duniani tangu 1938, ilianzia Roma, na miaka hiyo ilifanywa mgonjwa akiwa macho. Picha za wakati huo ndizo zilizobaki vichwani mwa watu. Inapofanywa inavyotakiwa sasa, mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, halafu hupitishiwa umeme mdogo kwa sekunde chache. Si adhabu na si ya kila mtu. Hufikiriwa kwa sonona iliyofika mahali mtu hali wala hanywi, au aliyeganda kabisa hajisogezi. Wengine husahau mambo ya karibuni kwa muda. Sehemu nyingi hazina huduma hiyo, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba baba yako mdogo ataanzishiwa vidonge. Mwambie mama mdogo hivi: vidonge vya sonona huchukua wiki mbili mpaka nne hivi kuonyesha kazi, asikate tamaa siku ya tano. Na kama baba anazungumzia kufa, au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga watu, msisubiri Jumatatu. Leo hii, asiachwe peke yake, na kamba, dawa za shambani na vidonge viondolewe nyumbani.

Dada mleta uzi, hilo la shingo umelieleza vizuri. Nakiri wengi wetu hatuwaambii ndugu mapema, kwa kuogopa watakataa dawa.

Niongeze jambo linaloniumiza zaidi ya kazi yenyewe. Kuna wagonjwa wamepona, wanafagia wodi, wanatusaidia kuwalisha wenzao, na hawana pa kwenda. Ndugu walituachia namba za simu zisizopatikana. Tunapiga, tunamtuma afisa ustawi mpaka kijijini, anakuta familia imeshagawana kitanda chake.

#4

Sista na dada nawaheshimu, lakini tusidanganyane. Mambo haya mengine siyo ya hospitali. Kwetu kuna binti alizunguka mahospitali mwaka mzima, akaja kupona kwa ustadh mmoja kwa kisomo cha wiki mbili. Majini yametajwa kwenye Kitabu, siyo hadithi.

#5 – Mleta uzi

Kaka yangu, sina ubishi na kisomo. Mama yangu ni mtu wa kanisa na maombi hayajakatika nyumbani mpaka leo. Nina mambo mawili tu. Kwanza, kuna magonjwa ya akili yanayokuja na kuondoka yenyewe; mtu anaweza kuchanganyikiwa mwezi mmoja akatulia hata asingetibiwa, na aliyekuwa naye wiki ile ya mwisho ndiye anayepata sifa. La pili ndilo ninaloliombea: mwombee, msomee, lakini asinyimwe dawa wala asifungwe mnyororo kwenye nguzo akisubiri. Wodi aliyolazwa mdogo wangu, kila Ijumaa shehe alikuwa anakuja na kila Jumapili mchungaji, na hakuna hata mmoja aliyewaambia wagonjwa waache vidonge. Mchungaji alikuwa akimaliza sala anauliza, "Mmeshakunywa za asubuhi?"

Na kuhusu hilo la "ukiingia ndiyo basi", nimelifikiria sana lilitoka wapi, na nadhani halikuzuka hivi hivi. Mirembe pale Dodoma ilianza 1927. Mathari ya Nairobi ni ya 1910. Sasa dawa ya kwanza ya kutuliza wazimu, klorpromazini, ile wazee wa wodini wanaiita Largactil, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Yaani robo karne nzima Mirembe ilikuwepo na hakuna dawa ya ugonjwa huu popote duniani. Ulaya pia ilikuwa hivyo hivyo. Mtu alikuwa anapelekwa akatunzwe na azuiwe, basi. Babu zetu waliona watu wakiingia hawatoki, na hawakusema uongo. Kisha jirani yake kuna Isanga, wanakopelekwa wenye kesi ambao mahakama inataka kujua hali ya akili zao, na hapo jela na hospitali vikachanganyika kabisa vichwani mwa watu. Dawa zimekuja, neno limebaki vile vile.

Kitu kingine nimekijua juzi juzi tu nikisoma, kikanigusa. Miaka ya 1980 Tanzania ilifanya majaribio Morogoro na Kilimanjaro, kwa kushirikiana na WHO, ya kuipeleka tiba ya akili mpaka hospitali za wilaya na zahanati, ili mtu asisafirishwe kwenda Dodoma. Wazo hilo lina umri wa kunizidi mimi. Na bado kwetu zahanati ya kijiji haina hata kidonge kimoja cha akili. Sindano ya mwezi inatugharimu nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na kuna miezi tumefika tukaambiwa imeisha, tukanunue duka la dawa mjini. Serikali inisikie kama kuna anayesoma humu: ile sindano ikichelewa wiki tatu, mimi napoteza mdogo wangu.

#6

Dadangu, pole kutoka Mombasa. Hapa kwetu watu wengi tunapelekwa hospitali ya Port Reitz, na unyanyapaa ni ule ule, ukionekana geti lile mtaa mzima wajua kabla ya magharibi. Mimi mwenyewe nilijaribu kujitoa uhai 2019. Nilipozinduka, mtu wa kwanza niliyemwona kando ya kitanda alikuwa askari. Nilikuwa naogopa korti kuliko ugonjwa, kwa hivyo nilimwambia daktari nilikunywa ile dawa kimakosa, na nikarudishwa nyumbani bila kutibiwa kilichonipeleka. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha kuwashtaki watu kama mimi kinakwenda kinyume na Katiba. Siku hiyo nililia ndani ya matatu. Kama kuna mtu anasoma hapa yuko pale nilipokuwa mimi, tafadhali mwambie mtu mmoja usiku huu huu.

#7

Naomba msaada wa sista. Mke wangu ana bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, ametulia mwaka wa pili sasa kwa valproeti. Tunataka mtoto. Mama mkwe anasema aache dawa zote kwanza.

#8 – muuguzi

Ndugu, umefanya vyema kuuliza kabla. Valproeti haifai kwa mwanamke anayetarajia ujauzito. Inaweza kumletea mtoto kasoro za uti wa mgongo na kumchelewesha akili. Lakini kuacha zote ghafla nako kuna hatari yake, bipola hupenda sana kurudi kipindi cha ujauzito, na zaidi baada ya kujifungua. Msiache wenyewe. Mwendeeni daktari wake wawili, mseme wazi mnataka mtoto, abadilishiwe dawa taratibu mkiwa bado mnatumia uzazi wa mpango, kisha ndiyo mbebe mimba. Aulizwe pia kuhusu folik asidi. Akijifungua, wiki za mwanzo awepo mtu wa kumshikia mtoto usiku ili alale. Kwa mwenye bipola usingizi ni nusu ya dawa.

#9

Dada, naomba kujua gharama. Sisi uwezo hatuna.

#10 – Mleta uzi

Ndugu yangu, ukifika uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kulipa chochote. Msamaha upo kwa wasio na uwezo, lakini hauji wenyewe, unaombwa. Nenda na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Sisi mara ya kwanza hatukujua, tukauza cherehani ya mama. Na mkaombe abadilishiwe dawa kama inamtesa, msiikatishe. Mdogo wangu alipobadilishiwa akawekwa kwenye risperidoni, mikono ilianza kuyumba tena akitembea. Kumbe tungesema mapema tu.

#11 – Mleta uzi

Samahani kwa kupotea siku nne. Nilikuwa nyumbani kwa mama.

Nilimwonyesha mdogo wangu huu uzi. Niliogopa, kwa sababu niliuandika bila kumwomba. Alichukua simu akakaa nayo barazani, akasoma kila kitu mpaka majibu yenu, na anasoma polepole siku hizi. Mama alikuwa anachambua mchele, mimi najifanya namsaidia.

Alipomaliza akasema nimekosea sehemu moja. Hakuwa anajibizana na redio. Redio ilikuwa imezimwa, mama ndiye aliyeiwasha baadaye akadhani ndiyo iliyokuwa inaongea. Sauti ilikuwa ya mwalimu wake wa hesabu wa sekondari, inamwita jina kamili, inamhesabia hatua. "Moja, mbili, tatu, simama." Ndiyo maana alikuwa anasimama ghafla njiani na sisi tunamsukuma.

Nikamuuliza, bado anaisikia? Akasema mara chache, kwa mbali, kama hajalala vizuri, lakini sasa anajua siyo ya kweli na hasimami. Mama akaacha kupepeta. Miaka minne, na ilikuwa mara ya kwanza tunalisikia hilo.

Jumanne ni siku ya sindano. Amesema atamwambia daktari mwenyewe, mimi nimsindikize tu nikae nje.

Yule wa #2, tafadhali rudi utuambie baba mdogo anaendeleaje.